Lipa Deni, Sisi Si Mjomba Wako

Ukitaka kujua watu wa Dar es Salaam wanafichana nini majumbani, usiwaulize. Watumie meseji ya deni saa tano usiku, wako kitandani na wenza wao, halafu mwishoni weka namba yako ya simu.

Yangu sikuiweka mimi. Aliiweka kijana wetu wa mafunzo kwa vitendo, mtoto mchapakazi kabisa, ila namba alizozishika kichwani ni mbili tu: ya mama yake na ya kwangu. Ya mama yake akaionea huruma.

Tulikuwa tunatengeneza mfumo wa kukumbusha marejesho kwa SACCOS moja ambayo sitaitaja. Kawaida mfumo ukiwa mchanga unalishwa wanachama wa uongo: Juma Jaribio, Asha Jaribio, na namba ambazo hazipo hewani. Meneja wao hakutaka kusikia. "Mimi nataka nione watu wangu," akasema, akatuletea flashi yenye kanzidata nzima: majina, simu, kiasi, mdhamini, hadi sababu ya mkopo. Nikamtajia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Akacheka. "Hiyo ni ya mabenki. Sisi hapa ni ndugu." Bosi wangu akanikanyaga mguu chini ya meza, maana malipo ya awali yalikuwa bado hayajaingia.

Halafu kuna suala la urefu. Meseji moja ya kawaida inabeba herufi 160. Ukizidisha moja, unalipia mbili. Sasa Kiswahili cha adabu kitaenea wapi humo? "Ndugu mwanachama mpendwa, tunakusalimu na tunatumaini u mzima wa afya", hapo herufi zinakaribia nusu na deni lenyewe bado halijatajwa. Meneja akaagiza yapunguzwe. Kijana akapunguza, akapunguza, na mwisho, kwa kuwa ni majaribio tu, akaandika ya kujichekesha: LIPA DENI. SISI SI MJOMBA WAKO. MAELEZO PIGA, na namba yangu.

Akaipanga itoke saa mbili usiku. Saa mbili ikafika, kimya. Akajua mfumo umegoma, akafunga kompyuta akaenda zake kula chipsi. Kumbe seva iko Frankfurt na inahesabu saa za UTC, nyuma yetu kwa saa tatu. Saa mbili yake ni saa tano yetu.

Wa kwanza kupiga alikuwa mzee mwenye hasira. "Tapeli mkubwa we! Si ndio nyie wa 'ile hela tuma kwenye namba hii'? Nakuripoti 15040 sasa hivi!" Akakata.

Wa pili alikuwa mama, ananong'ona, nyuma yake maji yanamwagika kwenye ndoo. "Kaka, nitalipa Ijumaa. Ila usipige, mume wangu yumo ndani."

"Dada, mimi sijapiga. Umepiga wewe."

"Haya, basi usipige."

Wa tatu hakuongea mwenyewe. Aliongea mumewe, aliyeiona meseji kwenye kioo cha simu kabla yake. "Huyu ananiambia mkopo ulikuwa wa ada ya mtoto. Ni kweli?" Wakati huo nina kompyuta mapajani, nahangaika kuzima mfumo, na mstari wa mkewe uko mbele ya macho yangu: kiasi, tarehe, mdhamini, na kwenye sababu imeandikwa "sare za harusi". Nikamjibu kwamba mambo ya mwanachama ni siri.

"Siri gani, na meseji nimeisoma mimi?"

Hapo alinishinda.

Kisha ikaita namba ninayoijua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Baba Neema, kumbe anayenidai ni wewe?"

Mama mkwe. Sikujua hata kama ni mwanachama. Kwenye simu yake nimehifadhiwa, kwa hiyo alipobonyeza namba ya kwenye meseji likatokea jina langu. Nikaanza kumweleza: seva, Frankfurt, kijana, chipsi. Alinisikiliza kwa utulivu wa mtu aliyeshasikia uongo mzuri kuliko huo.

"Mwanangu," akasema, "mahari yako ilibaki nusu mpaka leo. Umeshawahi kuona tumekuandikia meseji? Na huyo mjomba anaingiaje? Mjomba wake Neema yuko Mwanza, hata habari hii haijui."

Mke wangu akageuka. "Nani usiku huu?"

"Ofisini."

"Ofisini unawaamkia 'shikamoo mama'?"

Asubuhi tukaenda kwa meneja, bosi na mimi, tumejiandaa kuomba radhi. Nilikuwa na karatasi ya mapendekezo: kanzidata ya kweli ifutwe kwetu, majaribio yatumie majina ya uongo, meseji isitaje deni mpaka mtu aingize namba ya siri. Tukamkuta anatabasamu. Watu waliokuwa hawapokei hata simu zake wamelipa kabla ofisi haijafunguliwa. Mama mkwe naye alishalipa, ila alinitumia mimi moja kwa moja, na ya kutolea akaweka.

Meneja akaipokea karatasi yangu, akaigeuza upande wa pili kuona kama kuna bei.

"Haya ya kompyuta fanyeni mnavyojua," akasema. "Ila meseji iacheni kama ilivyo. Na namba msibadilishe, wanachama wameshaizoea."