Karte tuko nayo wote, kura je?

Kila mara kisha uchaguzi hapa Lubumbashi utasikia maneno ni ile ile: watu wa Katuba na Kenya, komini za maskini za mji, hawaendake kupiga kura juu ya umaskini, tumbo kwanza. Wengine wanasema hapana, sheria njo inawafukuza. Mi naona wote wanashika upande moja tu.

Kule Marekani maskini wengi hawako hata kwenye liste, juu sehemu nyingi kujiandikisha ni kazi ya mtu mwenyewe, na tangu sheria ya 1845 kura ya raisi inapigwa Jumanne, siku ya kazi. Kwetu Kongo ni kinyume. Karte ya uchaguzi njo kitambulisho chetu, bila hiyo polisi anakusumbua, banki inakurudisha, kwa hiyo hata mtu asiyejali siasa anapanga mstari siku mbili tatu mpaka aipate. Ndiyo maana 2023 CENI, tume ya uchaguzi, ilikuwa na karibu milioni 44 kwenye liste, lakini waliopiga kura ni milioni 18 na kitu, kama 41%. Unaweza kusema basi, wengi walitaka karte tu. Lakini ngoja, 2006 pia karte ilikuwa kitambulisho, na watu 70% walienda!

Sasa nini imebadilika? Umaskini ulikuwako 2006 pia. Kwangu ni sheria, sana ile ya 2011 iliyotoa duru ya pili: tangu pale raisi anapita hata bila nusu ya kura, na yule wa kambi ndogo anajiuliza anaenda kufanya nini. Nakubali, vita na udanganyifu navyo vimechosha watu, sheria peke yake haielezi yote.

Lakini angalia vile sheria moja inauma watu tofauti. Unatakiwa kupiga kura kule ulijiandikisha. Mwenye gari aliyejiandikisha Kolwezi anaenda asubuhi anarudi. Krezeri, yule anachimba madini kwa mikono, aliyekuja huku kutafuta maisha, transpo tu inakula chakula ya watoto, na ile siku hakuna anayemlipa, hata waite konje, siku ya mapumziko.

Kuna wanaotaka kura iwe lazima kama Ubelgiji ilivyofanya 1893. Hapo nakataa kabisa, amende, ile faini, itaangukia mama anayeuza sombe, majani ya muhogo. Waanze na kumruhusu yule krezeri amchague raisi hapa hapa, juu majina ya wagombea raisi ni yale yale Kolwezi na huku.