Kesi ya kwanza ya wizi wa dukani: adhabu iishie wapi?

Kijana wa miaka 19 au 20 anayekamatwa kwa mara ya kwanza akitoka dukani na kitu ambacho hakukilipia, mara nyingi huwa na wazo moja tu kichwani: yaishe haraka, nyumbani wasijue. Wazo hilo linaeleweka, lakini ndilo linalomponza. Anasomewa shtaka, anajibu "ni kweli", anatozwa faini, anarudi kwao akiamini mambo yamekwisha. Baadaye anajaza fomu ya kuomba kazi, anafika kwenye swali la kama amewahi kutiwa hatiani kwa kosa la jinai, na hapo ndipo anapoijua adhabu yenyewe.

Wapo wanaoona hilo ni haki. Samaki mkunje angali mbichi, wanasema. Anayesamehewa kipodozi leo kesho atachukua simu. Hoja yao ina uzito kuliko wanavyokubali wengi wanaotetea vijana. Wizi wa dukani una mtu anayeumia. Mwenye duka dogo hufidia hasara kutoka kwenye faida nyembamba, na katika maduka mengine mfanyakazi wa zamu ndiye anayekatwa mshahara bidhaa zikipungua, ingawa hakuiba yeye. Mwajiri naye anapotafuta mtu wa kukaa kwenye droo ya fedha ana kila sababu ya kutaka kujua nani aliwahi kuiba. Kumwita mkatili kwa kuuliza tu si kumtendea haki.

Ninachokipinga ni kuchanganya vitu viwili: kumwajibisha kijana kwa alichofanya, na kumwachia alama isiyofutika kwa kosa ambalo sheria yenyewe inaruhusu limalizwe bila adhabu.

Tuanze na sheria. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inaweka hadi miaka 7 jela kwa wizi wa kawaida. Ya Kenya inaweka hadi miaka 3. Uingereza, Sheria ya Wizi ya mwaka 1968 nayo inafika miaka 7. Huo ni ukomo wa juu, na mtu aliyechukua kitu kidogo kwa mara ya kwanza ni nadra kuukaribia. Hakimu wa Kenya au Tanzania anaweza kumwachilia bila adhabu, au kwa sharti la kutotenda kosa jingine kwa muda usiozidi miezi 12. Kenya ina pia Sheria ya Uangalizi wa Wahalifu, inayoiruhusu mahakama, shtaka likishathibitishwa, kumweka kijana chini ya afisa wa uangalizi bila kumtia hatiani, ikizingatia umri wake, tabia yake na maisha yake ya nyuma.

Maneno hayo, "bila kumtia hatiani", yana thamani kubwa kuliko punguzo lolote la faini. Faini ndogo yenye hatia inaweza kumgharimu mtu zaidi ya miezi 12 ya kuripoti kwa afisa isiyo na hatia, kwa sababu fomu nyingi za kazi huuliza kuhusu hatia. Kwa hiyo swali la kwanza kwa wakili, au kwa msaada wa kisheria kama wakili hapatikani, lisiwe "nitalipa kiasi gani?" Liwe: "Uamuzi huu utaniacha nimetiwa hatiani au la?"

Na kabla ya hapo kuna dakika ile ya kujibu shtaka. Mwaka 1973, katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilieleza hatua ambazo hakimu lazima azifuate mshtakiwa anapokiri. Shtaka lisomwe na kuelezwa kwa lugha anayoielewa. Jibu lake liandikwe kwa maneno yake mwenyewe, kadiri inavyowezekana. Kisha mwendesha mashtaka aeleze mambo yalivyotokea, na mshtakiwa apewe nafasi ya kuyapinga au kuongeza neno. Akisema jambo linalotia shaka, kukiri kwake kunabadilishwa kuwa kukana.

Fikiria kijana anayejibu, "Ni kweli nilitoka nacho, ila nilikuwa naongea na simu nikasahau kulipa." Huyo hajakiri wizi. Wizi ni kuchukua kwa nia ya udanganyifu, na kusahau si nia hiyo. Mahakama inaweza isimwamini mwishowe, lakini haiwezi kuyachukua maneno hayo kama kukiri. Mwingine kwa hofu hukatisha maelezo na kusema "ni kweli, naomba msamaha", na sentensi hiyo fupi ikaandikwa. Naamini hapa ndipo vijana wengi wanapopotea, na wazazi huchangia kwa kuwasukuma: kubali tu, tutalipa, twende nyumbani.

Nasema hivi si kwa kumfundisha mtu aliyeiba kukana. Aliyeiba akiri, arudishe, aombe radhi. Lakini akiri akijua anachokiri na kinachofuata, na kabla hajakiri ajue kama upande wa mashtaka uko tayari kumaliza suala nje ya hukumu.

Je, kumaliza nje ya hukumu kunalea wizi? Ushahidi mzuri ninaoujua unatoka Suffolk, wilaya ya Marekani yenye jiji la Boston. Wachumi Amanda Agan, Jennifer Doleac na Anna Harvey walichunguza kesi ndogo zisizo na ukatili, wakitumia ukweli kwamba waendesha mashtaka hutofautiana: mmoja huwa mwepesi wa kuendelea na kesi, mwingine mwepesi wa kuiacha. Katika kesi za katikati, ambazo zingeweza kwenda upande wowote, watu ambao hawakushtakiwa walikuwa na uwezekano mdogo kwa asilimia 53 wa kufunguliwa kesi mpya ndani ya miaka miwili. Nafuu ilionekana zaidi kwa wale ambao hawakuwa na rekodi. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2023, na yanaigonga hoja ya samaki mbichi mahali pake. Kwa mkosaji wa mara ya kwanza, kesi yenyewe yaweza kuwa ndiyo inayomsogeza karibu na kesi ya pili, hasa ikimfungia mlango wa kazi.

Tusiutumie utafiti huo kupita mipaka yake. Unahusu kesi za katikati. Hausemi kwamba kila anayeiba aachwe, wala hausemi lolote kuhusu magenge yanayoingia dukani kwa mpango. Wapiga kura wa California walipitisha mwaka 2014 pendekezo lililofanya wizi wa dukani wa bidhaa zisizozidi dola 950 kuwa kosa dogo. Miaka 10 baadaye, baada ya malalamiko mengi, walipitisha jingine linaloruhusu shtaka zito hata kwa bidhaa ndogo, lakini kwa mtu aliyekwisha kutiwa hatiani kwa wizi mara mbili au zaidi. Hata walipokaza, basi, walimtofautisha wa mara ya kwanza na wa mara ya tatu. Uingereza nako, utaratibu wa mwaka 2014 wa kuushughulikia wizi wa dukani wa bidhaa zisizozidi pauni 200 kama kosa dogo uliwachosha wenye maduka, na Februari 2025 serikali ikapeleka bungeni muswada wa kuufuta. Hasira ya wenye maduka ni ya kweli. Swali ni imwangukie nani.

Sasa kazi. Mwanasosholojia Devah Pager aliwatuma vijana kuomba kazi mjini Milwaukee wakiwa na sifa zinazofanana, tofauti ikiwa ni rekodi ya jinai tu, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2003. Wazungu wasio na rekodi waliitwa kwa asilimia 34, wenye rekodi asilimia 17. Weusi wasio na rekodi asilimia 14, wenye rekodi asilimia 5. Rekodi aliyoitumia ilikuwa ya dawa za kulevya na kifungo, nzito kuliko udokozi wa dukani, kwa hiyo takwimu hizi zisichukuliwe kama zilivyo. Lakini wizi una ubaya wake wa pekee machoni pa mwajiri: unagusa uaminifu, na kazi nyingi za kuanzia maisha, za dukani, bohari, hoteli na mapokezi, zinadai uaminifu kabla ya ujuzi.

Kwa hiyo wengine wakapendekeza waajiri wakatazwe kuuliza kwenye fomu ya kwanza. Nilitamani dawa iwe rahisi hivyo. Agan na Sonja Starr walipotuma maombi ya kubuni New Jersey na jiji la New York kabla na baada ya katazo hilo, waliona pengo la kuitwa kati ya majina ya Kizungu na ya Weusi likipanda kutoka asilimia 7 hadi 43 kwa waajiri walioondoa swali. Mwajiri asiyejua anakisia, na kisio lake humwangukia kijana asiye na kosa lolote. Hapa nakubaliana na upande wa pili: giza si ulinzi.

Lililo bora kwangu ni swali lenye mipaka. Tume ya Marekani ya fursa sawa za ajira ilitoa mwongozo mwaka 2012 ikisema kukamatwa peke yake hakuthibitishi kwamba mtu alitenda kosa, na kwamba hatia ipimwe kwa mambo matatu: uzito wa kosa, muda uliopita, na aina ya kazi. Uingereza, tangu Sheria ya mwaka 1974 ya kuwarudisha wakosaji katika maisha ya kawaida, hatia hufikia mahali ikahesabiwa imekwisha; kwa mtu mzima aliyetozwa faini ni miezi 12, na baada ya hapo kwa kazi nyingi halazimiki kuitaja. Kazi za uangalizi wa watoto na nyinginezo nyeti zina ukaguzi wa kina zaidi, na huko hatia kama hiyo yaweza kuonekana kwa miaka 11. Mpangilio huo unanishawishi, kwa kuwa unampa mwajiri taarifa pale inapomhusu na unamwekea kijana tarehe ya kuingojea.

Na muda huo uishe wenyewe, bila kijana kulazimika kuomba kufutiwa rekodi. Huko Michigan, J.J. Prescott na Sonja Starr waligundua kwamba ni asilimia 6.5 tu ya wenye haki ya kufutiwa rekodi walioipata ndani ya miaka mitano. Fomu, ada na kutojua viliwazuia, ilhali waliofanikiwa mishahara yao ilipanda kwa zaidi ya asilimia 20 ndani ya muda mfupi.

Kuna tahadhari moja ambayo wengi hawaambiwi. Kukubali mpango wa kuepushwa kesi, yaani kutimiza masharti ili shtaka liachwe, hakumsafishi mtu kila mahali. Sheria ya mabenki ya Marekani kwa miaka mingi ilimzuia aliyetiwa hatiani kwa kosa la kukosa uaminifu, na pia aliyeingia mpango kama huo, asiajiriwe benki bila kibali. Desemba 2022 ilelegezwa, na wizi wa dukani ukatajwa miongoni mwa makosa madogo yasiyomzuia mtu mwaka mmoja ukishapita. Kwa hiyo soma swali la fomu neno kwa neno. Likiuliza kuhusu hatia na hujatiwa hatiani, jibu ni hapana, na huo si uongo. Likiuliza kama umewahi kukamatwa au kushtakiwa, hapana inakuwa uongo, na uongo ukigundulika unakufukuzisha hata pale ambapo kosa lenyewe lingesamehewa.

Limebaki jambo ambalo mahakama haina mkono mrefu wa kulifikia. Siku hizi picha ya kamera ya duka husambaa mtandaoni kabla polisi hawajaandika maelezo, ikiwa na uso wa kijana na neno "mwizi". Hata akiachiliwa, mwajiri atamkuta huko. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, Tanzania ina ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Umoja wa Ulaya una kanuni zake. Zote zinatambua uso wa mtu kuwa taarifa yake. Duka lina haki ya kumpa polisi video hiyo. Kuirusha kwa umma kabla ya hukumu ni kutoa adhabu ambayo hakuna hakimu aliyeitoa, na kijana au mzazi aliyefikwa na hilo aandike kudai iondolewe, ahifadhi nakala ya barua yake, na duka likipuuza aipeleke kwa tume inayosimamia data.