Eti Wakenya hawana adabu

Kila nikirudi Temeke likizo lazima kuna mtu ataniuliza, tena kwa sauti ya kunipa pole, hivi unawezaje kuishi Nairobi na wale watu, hawana adabu. Mjomba wangu ndo bingwa wa hilo swali na yeye Nairobi kafika mara moja tu, akalala gesti karibu na stendi ya mabasi, kesho yake akarudi. Zamani nilikuwa nacheka yaishe. Siku hizi nabisha.

Nairobi nilikuja kwanza kama mmisionari, 2016, wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, hawa mnaowaita Wamormoni, shati jeupe, tai, beji nyeusi kifuani. Wakati ule Tanzania haikuwa na misheni yake, tulikuwa chini ya Misheni ya Kenya Nairobi, kwa hiyo leo uko Kayole, ukihamishwa unajikuta Arusha. Miaka miwili hulipwi mshahara, huna demu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi uko macho, na popote uendapo uko na mwenza wako, yani mmisionari mwenzio mliyepangwa pamoja, hata kama ni dukani kununua kiberiti. Nyumbani unapiga simu mara mbili kwa mwaka, Krismasi na Siku ya Mama. Ruhusa ya kupiga kila wiki ilikuja 2019, mimi nishamaliza, na bado inaniuma. Kilichobaki ni imeili Jumatatu kwenye saiba. Mama imeili haijui, dada alikuwa anaziprinti anamsomea, na pale nilipoandika nimeumwa anaparuka.

Halafu hilo jina. Kwa Kiingereza tunaitwa Elder, Kiswahili cha kanisa ni Mzee. Nina miaka 19, ndevu tatu, nagonga mlango mtaa wa Umoja, Nairobi, najitambulisha Mzee fulani, mama wa watu anacheka mpaka anashikilia grili. "Mzee wa nani?"

Umoja kama hujafika ni maghorofa yamebanana, ngazi zina giza mchana kweupe, nguo zimeanikwa kila mahali zinakudondoshea maji kichwani, na kila mlango una grili ya chuma. Kwetu unapiga hodi unaambiwa karibu kabla hata hawajajua we nani. Umoja mtu anakuangalia kupitia vyuma anakwambia "Sema." Neno moja. Ukianza zako za shikamoo, samahani kwa usumbufu, habari za tangu asubuhi, anakukata: "Nyinyi ni wa kanisa? Niko na kanisa. Siku njema." Kwisha. Kwenye kibanda nikasema "naomba maji" muuzaji akadhani sina hela, huku kuomba ni kuomba kweli. Wiki ya kwanza nililia bafuni, mwenza wangu kijana wa Idaho akadhani tumbo, akaniletea vidonge.

Sasa kwenye ploti yetu, yani jengo tulilokuwa tunaishi, chini kabisa, kulikuwa na mama mmoja anauza mboga. Huyu ndo alikuwa mkali kuliko wote. Tulimgongea mara tatu, ya tatu akasema, "Vijana, msinipotezee time na mimi nisiwapotezee yenu. Kanisa yenu sitaki." Tukaacha, tukabaki kusalimiana kwenye ngazi.

Ikaja Agosti 2017, uchaguzi. Tukaambiwa tusitoke nje mpaka hali itulie. Maduka ya jirani yamefunga, sisi ni wavulana wawili tusio na akili, hatukununua chakula cha akiba, siku ya pili tumebaki na mayai mawili na kitunguu. Jioni grili inagongwa. Ni yeye, kabeba pakiti ya unga, ule wa bei ya serikali wa shilingi 90 ambao mwaka ule watu waliusakia dukani hadi dukani, fungu la sukuma wiki, na chupa ya chai ya maziwa ina tangawizi naisikia harufu kabla hajaifungua. Na chai hatunywi. Neno la Hekima, amri ya kanisa letu kuhusu vya kula na kunywa, ndivyo tunavyolishika, pombe hapana, sigara hapana, kahawa hapana, chai hapana. Yani mtu katoka na unga wake mwenyewe wakati hajui duka litafunguliwa lini, halafu mimi namwambia mama samahani hii hatuwezi. Mwenza wangu kaangalia sakafu. Yule mama akatutazama, akasema "Chai ni dhambi?" Akachukua chupa akashuka. Nikajua tumeharibu. Baada ya nusu saa karudi na chupa ileile, ndani uji. Akasema, "Kanisa yenu bado sitaki, hiyo nimewaambia. Lakini hamuwezi lala njaa na sisi tuko hapa."

Miezi mitano ya mwisho nikahamishiwa Arusha, nikafurahi, narudi nyumbani, watu wangu, lugha yangu. Na kweli tulipokelewa. Kuna familia moja ilitukaribisha mara kumi na moja, nilikuwa naandika kwenye daftari, wanatulisha, wanasikiliza, baba anatikisa kichwa kukubali kila nikisoma mstari, "Jumapili tutafika, Mungu akipenda." Hawakuja hata moja. Ukiwapigia, ooh mgeni, ooh msiba, wiki ijayo bila kukosa. Walikuwa watu wazuri sana, ila walikuwa hawataki na hakuna mtu aliyewafundisha kusema hatutaki mbele ya mgeni. Nawajua, hata mama yangu yuko hivyo, na mimi pia niko hivyo, nimewahi kumkubalia mtu harusi mbili siku moja. Asubuhi moja kwenye saa ya kusoma nikafika pale kwenye Mathayo, maneno yenu yawe ndiyo, ndiyo, siyo, siyo, nikawaza nani nimewahi kumsikia akisema siyo ya namna hiyo, nikamwona yule mama wa mboga. Na fundi viatu wa Kayole aliyesema "nakuja Jumapili saa tatu" tukamkuta kwenye benchi saa tatu kasorobo, kapiga pasi.

Sisemi Nairobi ni peponi. Niliporudi kutafuta kazi, sasa hivi natengeneza friji, naishi Kangemi, niliwahi kulala na homa siku nne jirani wa mlango wa pili hana habari. Temeke wangejua kabla mimi sijajua. Na shikamoo naikosa jamani, ukimwamkia mtu huku anauliza kwani nimezeeka.

Lakini hekalu letu, jengo la ibada maalumu, siyo kanisa la kila Jumapili, lilipokamilika Mountain View, hatua chache na kwangu, sisi ambao tulizoea kuambiwa hekalu ni Johannesburg na nauli ya ndege ujitafutie, kabla ya kuwekwa wakfu tarehe 18 Mei 2025 walifungua watu wote waje waone. Nikampigia yule mama. Akasema nitakuja Jumamosi, na Jumamosi akaja, matatu mbili kutoka Umoja, kavaa kitambaa cha kanisa lake. Tukafunikwa viatu tukazunguka kimya. Mle ndani hakusema kitu isipokuwa sehemu moja, alininong'oneza, "Hii kapeti inafuliwa na nani?"

Tulipotoka akasimama akaliangalia jengo lote kwa nje.

"Ni safi. Lakini mimi narudi kwangu, hiyo unajua."

"Najua mama."

"Na chai bado?"

"Bado."

"Haya twende hapo Kangemi. Wewe utakunywa soda."

Akalipa yeye.