Shangazi hakuwa teja

Shangazi yangu aliporudi Pemba kutoka Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar, alikuwa na chupa ya morfini ya maji, dawa kali ya kutuliza maumivu. Saratani ya titi ilishaingia kwenye mifupa. Akinywa kila baada ya saa 4, na usiku akilala. Ilipokwisha nikaenda hospitali moja huku kwetu na cheti cha daktari mkononi. Muuguzi akanitazama kuanzia miguuni hadi kichwani: "Mwanangu, hiyo dawa ya mateja." Akanipa panadoli. Wiki mbili nyumba nzima hatukulala kwa vilio vyake, mpaka binamu yangu akapanda boti kwenda Dar kufuata chupa moja tu. Shangazi alipata usingizi siku mbili, kisha akafariki.

Simlaumu sana yule muuguzi. Unga, yaani heroini, umetutenda visiwani. Mwenzangu niliyesoma naye chuoni alikutwa gofuni amekufa, sindano bado mkononi. Mamake alikuwa keshauziwa mpaka masufuria. Anayeogopa dawa hizi kutoka stoo na kuishia maskani ana haki ya kuogopa.

Lakini kulinda dawa tunajua, na tumeshaonesha. Pale Kidongo Chekundu, Unguja, vijana wanaoacha unga wanapewa methadoni tangu 2015. Methadoni ni jamaa moja na morfini, tena na heroini yenyewe. Mgonjwa huja kila siku, hunywa mbele ya mtoa dawa, na dozi huandikwa. Basi tunashindwaje na chupa ya mgonjwa wa saratani asiyeweza hata kuinuka kitandani? Kabati lenye kufuli mbili, daftari la kuingiza na kutoa, chupa tupu irudishwe ndipo itolewe nyengine.

Hata mkataba wa kimataifa wa 1961, unaotajwa kila inapozungumzwa vita dhidi ya dawa za kulevya, umeandika mwanzoni kabisa kwamba dawa hizi haziepukiki katika kutuliza maumivu, na zipatikane. Uganda wao wamewaruhusu hata wauguzi waliosomea tiba shufaa, yaani kumpunguzia mateso mgonjwa mahututi, kuandika morfini.

Nawaomba wakubwa wetu wa afya waanze na kabati moja Unguja na moja Pemba, na muuguzi aliyefunzwa mwenye ufunguo, ili mtu wa Micheweni asivuke bahari kwa chupa moja huku mgonjwa wake analia.