Uaminifu B, Bidii C: tabia ya mtoto na herufi za ripoti

Mwisho wa muhula mwalimu wa darasa hukaa na rundo la ripoti. Juu kuna alama za masomo. Chini yake kuna jedwali jingine ambalo wazazi wengi hulipita bila kulisoma: bidii ya kazi, utunzaji wa kazi, ushirikiano, heshima, uaminifu, usafi. Kila sifa ina kisanduku chake, na mwalimu anajaza herufi.

Mwaka mmoja nilikuwa na wanafunzi 72 wa kidato cha pili na usiku mmoja wa kujaza. Binti mmoja nilimpa C kwenye bidii, kwa sababu alikuwa anasinzia karibu kila kipindi cha kwanza. Mama yake alikuja kuchukua ripoti, akaisoma kimya akiwa amesimama, kisha akasema: "Mwalimu, huyu anaamka saa tisa usiku, tunakaanga vitumbua, anavipeleka stendi ndipo anakuja kwako. Bidii gani tena unayoitaka?"

Sikuwa na jibu, na swali lile sijalisahau. Limenirudia kwa nguvu sasa ambapo kufundisha tabia njema kumekuwa jambo la kitaifa tena. Katika mtaala mpya ulioanza kuingia madarasani kwa awamu mwaka 2024, Tanzania imeweka somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili. Kenya ilipitia mlango mwingine. Mtaala wake wa umilisi umetaja maadili 8: upendo, uwajibikaji, heshima, umoja, amani, uzalendo, haki ya kijamii na uadilifu, na mwalimu anatakiwa ayapenyeze katika kila somo, iwe hisabati au kilimo.

Wanaounga mkono wana hoja nzito, na si ya wazee wanaolalamikia vijana tu. Huko Dunedin, New Zealand, watafiti waliwafuatilia watoto wapatao 1,000 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973 hadi wakawa watu wazima. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2011 yalionyesha kwamba waliokuwa na uwezo mdogo wa kujizuia utotoni, walipofika umri wa miaka 32, ndio waliokuwa na afya mbovu zaidi, matatizo ya fedha na kesi za jinai. Tofauti hiyo ilibaki hata akili na kipato cha familia vilipozingatiwa. Mwaka huohuo ulitoka uchambuzi uliokusanya tathmini za programu 213 za kuwafundisha watoto kutawala hisia na kuishi na wenzao, zenye wanafunzi zaidi ya 270,000. Kwa wastani tabia iliboreka, na alama za masomo zilipanda pia. Anayesema tabia ni ngozi, haibadiliki, inabidi aanze kwa kuujibu ushahidi huo.

Nami nakiri faida moja ambayo haihitaji takwimu. Mwaka 2004 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Christopher Peterson na Martin Seligman, walitoa orodha ya sifa 24 za tabia waliyoiandaa kwa kupekua mapokeo ya dini na falsafa za sehemu nyingi za dunia: ujasiri, udadisi, shukrani, huruma, uadilifu, ucheshi na nyinginezo. Mwalimu akiwa na orodha kama hiyo kichwani, macho yake hufunguka. Maneno yetu ya ofisini kuhusu wanafunzi ni machache mno: mtulivu, mtundu, mzembe, ana akili. Mtoto anayemgombea mwenzake aliyeonewa tunamwita mkorofi. Mara nyingi huo ni ujasiri, ila hatukuwa tumempa mtoto jina hilo.

Tatizo linaanza pale orodha inapogeuka jedwali la alama, na hilo limeshajaribiwa. Shule za KIPP za jijini New York zilikuwa maarufu kwa kuwafaulisha watoto wa familia maskini. Lakini kundi lao la kwanza lilipofuatiliwa, waliomaliza chuo kikuu hawakufika robo. Mwanzilishi mwenza wa shule hizo, David Levin, aliona kwamba waliovumilia mpaka mwisho si lazima wawe wale waliokuwa na alama kubwa. Kutoka kwenye zile sifa 24 zikachaguliwa 7, zikiwemo ustahimilivu, kujizuia, matumaini na shukrani, na kila mtoto akawa na ripoti ya tabia karibu na ripoti ya masomo. Mwalimu wa Tanzania akisoma habari hiyo anatabasamu, kwa maana jedwali kama hilo amelijaza tangu siku yake ya kwanza kazini.

Aliyekuja kuonya kuhusu kupima namna hiyo ni mtu ambaye usingemtegemea. Angela Duckworth ndiye mwanasaikolojia aliyeupa ustahimilivu umaarufu wote ulio nao leo. Mwaka 2015, pamoja na mwenzake David Yeager, aliandika kwamba vipimo vya sifa hizi bado havifai kutumika kuzipa shule alama, na mwaka uliofuata alilirudia hilo waziwazi gazetini. Sababu yao moja inatugusa sana. Kila mtu hupima kwa kulinganisha na anachokiona jirani. Shule yenye nidhamu kali huzoea kiwango cha juu, basi mtoto wake mwenye bidii hujiona wa kawaida. Shule iliyolegea humpa yuleyule sifa kemkem. B ya heshima ya seminari na B ya heshima ya shule ya kata ni herufi moja yenye maana mbili.

Hoja nyingine ni ya zamani zaidi, na kwangu ndiyo nzito kuliko zote. Mwaka 1928 Hugh Hartshorne na Mark May walichapisha matokeo ya kuwapima watoto wapatao 11,000 wa Marekani. Hawakuwauliza kama ni waaminifu. Waliwawekea nafasi za kudanganya: kwenye mtihani, kwenye michezo, kwenye fedha, kisha wakaangalia nani atafanya nini. Mtoto aliyedanganya kwenye mtihani mara nyingi hakudanganya kwenye mchezo, na aliyeiba majibu hakugusa sarafu. Uaminifu ulibadilika kulingana na mahali, hatari ya kukamatwa na kile wenzake walichokuwa wanafanya. Wanasaikolojia waliofuata wamebishania ukubwa wa matokeo hayo, lakini mwalimu yeyote aliyesimamia mtihani anayafahamu. Mwanafunzi aliyekuletea simu uliyoisahau ofisini, kesho unamkuta na karatasi ndani ya soksi. Kisanduku chake cha uaminifu utaandika nini?

Nauona ushahidi huu kuwa mwongozo wa kazi. Kama tabia inaumbwa na mahali, shule ndiyo mahali hapo, na jinsi inavyoendeshwa kila siku inafundisha kuliko kipindi cha dakika 40. Mwaka 2010 Marekani ilitoa matokeo ya kupima programu 7 za tabia katika shule za msingi 84, na kwa wastani hazikuleta mabadiliko yoyote ya maana. Zile 213 nilizozitaja zilifanikiwa zaidi pale watoto walipokuwa wanatenda na kurudiarudia, hatua kwa hatua. Mtoto anayekariri kwamba "uadilifu ni msingi wa taifa" ili apate alama 2, huku amemwona kiranja akipokea andazi ili asimwandike jina, ameshafundishwa uadilifu siku hiyo, na hakufundishwa na kitabu.

Sisi tuna historia yetu katika hili. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, na wazo lake lilikuwa hasa la kutenda: shule iwe na shamba, wanafunzi waamue pamoja kuhusu kazi na mapato yake, ushirikiano ujengwe kwa jembe. Mimi nilisoma shule yenye shamba. Tulipelekwa shambani tukichelewa, tukipiga kelele, tukifeli zoezi. Hatukuwahi kuulizwa tupande nini, wala kuambiwa mahindi yaliuzwa shilingi ngapi. Kazi iliyokusudiwa kutufunza kuithamini kazi ilitufunza kuichukia. Fimbo nayo ni vilevile. Kanuni za Tanzania bado zinairuhusu kwa mipaka, ingawa Kenya iliipiga marufuku mwaka 2001, na sijui tunamfundishaje mtoto upole huku tumeishika mkononi.

Kuna pia upande wa haki. Tukisema mtoto anafeli kwa kukosa ustahimilivu, tunawaondolea mzigo wale wanaopaswa kuubeba: darasa la watoto 90, mtoto asiyekula mpaka saa tisa alasiri, kilomita nyingi za mguu. Yule binti wa vitumbua hakukosa ustahimilivu hata chembe. Alikosa usingizi, nami nikamwandikia kasoro ya tabia.

Kwa hiyo simo miongoni mwa wanaotaka somo la maadili lifutwe. Libaki, na historia itasaidia, maana maisha ya watu wa kweli yana mengi ya kujadili kuliko orodha ya sifa. Ila herufi ziondoke kwenye ripoti, na mahali pake mwalimu aandike sentensi moja ya jambo alilomwona mtoto akilitenda. Mwenzangu mmoja alinipinga: nani ataandika sentensi 72 usiku mmoja? Ana haki ya kuuliza. Baada ya ripoti ile niligawana wanafunzi na walimu wanne wa masomo mengine, kila mmoja wetu akachukua 14 au 15, na daftari dogo la kuandika papo hapo tangu wiki ya kwanza ya muhula. Wengine waliniambia hawana la kuandika juu ya baadhi ya watoto. Tulipokaa kuhesabu, tulikuta watoto 11 ambao hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuwaona wakifanya lolote. Kwenye jedwali la zamani wote 11 walikuwa na B kila kisanduku.