Wafundisheni madevelopa kuuliza, tena kwa Kiswahili

Ngoja niseme kitu kinachonikera. Mwanafunzi wa mambo ya programu mwaka wa kwanza anasoma kozi ya mawasiliano, anafundishwa memo, CV na barua ya kuomba kazi, vyote kwa Kiingereza, anapata A, imeisha hiyo. Mpeleke Kariakoo akaongee na mwenye duka la jumla uone anavyokwama.

Na mimi yalinikuta. Tulikuwa watano, projekti ya mwaka wa mwisho, mfumo wa stoo kwa mama mmoja muuza vitenge Mtaa wa Kongo. Tulienda mara moja tu, dakika ishirini, tukamuuliza unataka mfumo ufanye nini, akasema uhesabu mali na mauzo, tukarudi hosteli tukajifungia miezi mitatu. Siku ya kumwonyesha akatazama weee, kisha akauliza, "Sasa wanangu, mali kauli naandika wapi?"

Hatukuiweka. Wateja wake wa mikoani wengi wanabeba mzigo kwa kuaminiana, wanalipa wakishauza, ila mfumo wetu ulihesabu mauzo hela ikiingia tu, kwahiyo vitenge vimeshafika Tabora, ila kwenye kompyuta bado viko stoo. Mama akarudi kwenye kaunta buku yake. Inaniuma mpaka leo, maana alitupa muda wake saa za biashara.

Mtu ukimuuliza anataka nini anakujibu kwa kifupi. Muulize "mama, mzigo wa jana ulitokaje hapa?" atakusimulia mwanzo mwisho, na mfumo wenyewe umo humo kwenye hadithi. Hili linafundishika kabisa jamani!

Hata NASA, shirika la anga la Marekani, yaliwakuta haya ya kutoelewana, mwaka 1999 walipoteza chombo cha Mars Climate Orbiter kilichokuwa kinaenda sayari ya Mars, kwasababu programu ya timu moja ilitoa namba za msukumo kwa kipimo cha pauni, timu nyingine ikazisoma kama niutoni, kipimo kingine kabisa.

Ningekuwa napanga mimi, mwanafunzi angekaa dukani wiki kadhaa, aandike alichosikia ukurasa mmoja wa Kiswahili, amsomee mwenye duka amrekebishe, na maksi zingine atoe huyohuyo mwenye duka. Kiingereza kina kazi yake, ila huyu mteja biashara yake anaiwaza kwa Kiswahili.

Walimu najua madarasa yamejaa, hamuwezi kuwapeleka wote Kariakoo. Lakini nje ya geti kuna muuza chipsi, fundi cherehani, wakala wa M-Pesa, na kila mmoja ana daftari ambalo mwanafunzi anaweza kwenda kuuliza linajazwaje.