Kata hizo khanga

Shangazi yangu hakunisemesha siku mbili, kisa mkasi. Alinikuta nimekaa mkekani, khanga saba za marehemu mama zimepangwa mbele yangu, na ile ya juu nimeshaipitisha mkasi katikati. Akasimama mlangoni, mkoba bado uko begani, shikamoo yangu hakuiitikia. "We mtoto, nguo ya mamako ndiyo unaichana hivyo?"

Nikamjibu, "Siichani, Shangazi, naikata." Si jibu la kumpa mtu aliyekasirika.

Kibaya zaidi, khanga yenyewe iliandikwa JAPO SIPATI TAMAA SIKATI. Shangazi ni mtu wa khanga, hakuna jina linalompita. Akalisoma kwa sauti, akautazama mkasi, akanitazama mimi, akageuka zake uani. Nilibaki nacheka peke yangu, na kicheko chenyewe kilikuwa na machozi ndani yake.

Nimelifikiria sana tukio lile na bado nasimama palepale. Nyumba nyingi ninazozijua zina sanduku, au begi kuukuu juu ya kabati, limejaa nguo ambazo hakuna anayezivaa na hakuna anayethubutu kuzitoa. Mimi nasema zikatwe, zishonwe mfarishi, yaani shuka la vipande vilivyoungwa, zirudi kitandani zifanye kazi.

Shangazi alikuwa na hoja, wala siidharau. Kwake yeye nguo za marehemu hutolewa sadaka. Na tulitoa. Madera mazuri, mitandio, doti ambazo mama hata hakuwahi kuzikata, vyote viligawiwa baada ya arobaini. Zilizobaki ni zile za kushindia: za kupikia, za kulalia, za kutokea bafuni. Zimechuja, zimelainika, moja ina alama ya pasi ya mkaa pembeni. Hiyo utampa nani? Sadaka hutoi kitu ambacho wewe mwenyewe ungeona haya kukivaa. Basi zikakaa sandukuni miaka minne, na karafuu zilizokwisha harufu, na nilipolifungua mwaka huu khanga mbili zilikuwa na madoa ya kahawia ya unyevu na ya tatu panya walishaionja upindo. Huko ndiko kuzitunza kwetu. Tulikuwa tunazisubirisha tu zioze, ila kwa heshima.

Nadhani tatizo kubwa si kufa wala kuzika. Ni kiraka. Kwetu neno hili lina sifa mbaya: mchoraji wa katuni akitaka kumwonyesha maskini, anambandika kiraka kwenye goti. Mtu akisikia unalala na shuka la viraka anaanza kuuliza watoto wako wanasoma wapi. Na huyohuyo jana alikuwa soko la mitumba la Karume ameinamia belo jipya lililofunguliwa, anagombania shati la mtu wa Kanada asiyemjua jina. Nguo iliyovaliwa na mgeni haimtii haya, iliyovaliwa na mama yake ikikatwa vipande inamtia haya. Sijapata mtu wa kunieleza hili nikaridhika.

Kuna watu ambao sisi wa pwani tungepaswa kuwajua zaidi, nao ni Wasidi wa India. Asili yao ni Afrika, na wengi wa wahenga wao walivushwa bahari kutoka upande huu wetu, wengi kama watumwa. Leo wengine wanaishi katika misitu ya Uttara Kannada, jimbo la Karnataka, karibu na miji ya Yellapur na Haliyal. Wanawake wao hushona mfarishi unaoitwa kawandi, na hushonwa kwa nguo kuukuu za nyumbani. Nilipoona picha zake mara ya kwanza niliacha chai ikapoa. Hawaanzi katikati kama tulivyozoea kuona kwa wengine. Wanaanza ukingoni, wanazunguka kipande kwa kipande wakielekea ndani, na bandi, yaani mishono ya mkono, zinafuata mzunguko huohuo mpaka zikutane katikati. Kila pembe ya mfarishi inapachikwa kitambaa kilichokunjwa pembetatu, wanakiita phula, yaani ua. Bila yale maua manne kazi haihesabiwi kuwa imekwisha. Kwao mfarishi wa hivyo uko uchi.

Mahali pengine ni Gee's Bend, kijiji kilichozungukwa na kona ya mto katika jimbo la Alabama, Marekani. Wakazi wake ni wajukuu na vitukuu vya watumwa waliolima pamba palepale. Mwaka 1942 mwanamke mmoja wa kijiji hicho, Missouri Pettway, alikuwa amefiwa na mumewe. Akachukua nguo zake za shamba, suruali na mashati yaliyofifia magotini na viwikoni, akashona nazo mfarishi wa kujifunika, binti yake Arlonzia akimsaidia. Ukiitazama picha ya mfarishi ule unaona pale mfuko ulipokuwa: mraba wa buluu iliyokoza katikati ya buluu iliyokwisha kwa jua. Hakuuficha. Leo uko National Gallery of Art, jumba la sanaa jijini Washington. Nilimwonyesha Shangazi picha hiyo kwenye simu siku ya tatu, aliporudi kuzungumza. Akakuza kwa vidole viwili, akasema, "Huyu alikuwa anampenda mumewe," akanirudishia simu. Kuhusu khanga hakusema neno.

Niseme sasa habari ya kitambaa, maana huku ndiko ninakobishana na wanaoniambia ninunue kitambaa kipya, "kidumu".

Kitambaa kipya cha pamba kina siri mbili hakijakwambia: kitasinyaa kikifuliwa, na kitatoa rangi. Khanga ya mama ilishafuliwa mara mia kadhaa. Kama ni kusinyaa, ilisinyaa zamani, na rangi ya kutoka ilishamwagwa uani na maji ya sabuni. Najua gharama ya kutolijua hili. Mfarishi wangu wa kwanza, miaka mingi iliyopita, niliuchanganyia kisutu kipya kwa sababu nilitaka wekundu wa kukoza. Ulipendeza hadi siku ya kufua. Nilipouanua kambani, kila kipande cheupe kilikuwa kimegeuka rangi ya fizi. Mle pia nilitia fulana mbili za mwanangu, za kuvutika, bila kuzibandikia kwa nyuma kile kitambaa cha gundi ambacho mafundi huweka ndani ya kola. Zikavutika, jirani zake hazikuvutika, mfarishi ukafanya mawimbi kama bahari ya kusi. Mbwa wa jirani anaulalia hadi leo na hajalalamika.

Kwa hiyo nguo za pamba kwa pamba. Na si kila inayoitwa pamba ni pamba. Vuta uzi mmoja, uuchome kwa kiberiti juu ya sinia: pamba inanuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini, tetroni inayeyuka na kuacha punje ngumu nyeusi. Mwambie mtoto asogee pembeni unapofanya hivyo.

Kisha peleka khanga dirishani, uinyooshe mbele ya mwanga. Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko popote. Khanga haichakai sawasawa. Pindo linabaki zito, karibu kama lilivyotoka dukani. Mji, ile sehemu ya katikati, unafifia lakini unashika. Lakini kuna mahali, upande mmoja wa juu, panapopitisha mwanga kama chandarua, na ilinichukua khanga tatu kuelewa ni nini. Ndipo alipokuwa akiifunga. Fundo lile lile, mkono ule ule, miaka yote, limekula uzi. Mama alikuwa anafungia kushoto. Sikuwahi kulijua hilo alipokuwa hai.

Fundi mzuri atakwambia sehemu hiyo uitupe, kwa kuwa haina nguvu, na ana haki. Mimi niliiwekea kipande cha shuka kwa nyuma nikaitumia. Nitawaambia yaliyotokea.

Kila khanga ilinipa miraba kama 17 hivi ya inchi 6. Ukishona kwa kuacha robo inchi kila upande, mraba unabaki inchi 5 na nusu. Fuata uzi wa kitambaa, usikate hanamu, la sivyo kila kona itakwenda inakotaka yenyewe. Kwenye pindo, ambako kitambaa bado kina nguvu, mkasi hata si wa lazima: tia kijikato kidogo ukingoni, shika pande mbili, vuta. Pamba huchanika ikifuata uzi wake, imenyooka kuliko mkono wangu utakavyowahi kunyosha. Yaani Shangazi alikuwa sahihi, nilikuwa nachana. Miraba 120, safu 12 za 10, nikaiunganisha kwa cherehani, nikatandika chini yake shuka kuukuu. Katikati sikuweka blanketi, hapa ni Tanga, tunataka kulala si kuiva. Mtu wa Lushoto ana ruhusa yangu kuweka. Bandi nilipiga kwa mkono, jioni, miezi miwili na zaidi.

Msinielewe vibaya kwamba nashona ili kuokoa dunia. Nimechoka na mahubiri hayo. Belo moja la mitumba linafika kilo 45 na yanaingia kwa makontena. Mfarishi wangu wote hauzidi kilo mbili. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana mitumba iondoke sokoni ifikapo 2019. Rwanda ikapandisha ushuru kutoka senti 20 za dola hadi dola mbili na nusu kwa kilo, Marekani ikaijibu mwaka 2018 kwa kuisimamishia nafasi ya kuingiza nguo zake kule bila ushuru, na kwingine kote wazo likanywea. Serikali zimeshindwa na belo, mimi na sindano yangu ni nani? Wala si kupunguza matumizi. Ukinihesabia saa nilizokaa, blanketi la mtumba ni rahisi mara nyingi.

Na kuna mtindo mmoja siupendi, niuseme nimalize. Watu wananunua vitenge vipya, vya dukani, wanavikata vipande ili wavishone tena vionekane vya viraka. Vinapendeza, sikatai, na anayeviuza ana watoto wa kulisha. Lakini kukata kitambaa kizima ili kiigize kilichochakaa naona ni kama kumfunga bandeji mtu asiye na kidonda. Kiraka kina sababu yake. Kikiondolewa sababu kinabaki pambo, na mapambo tunayo ya kutosha.

Lile jina nililiweka wapi? Nilikuwa nimekata khanga katikati, kwa hiyo maneno yalikuwa yameshagawanyika: JAPO SIPATI upande mmoja, TAMAA SIKATI upande mwingine. Ningeweza kuyaunganisha. Nilishona la kwanza kichwani mwa mfarishi na la pili miguuni, na anayetaka kusoma sentensi nzima itabidi autandike wote. Kwenye pembe nne nikaweka pembetatu zilizokunjwa, kama za Wasidi. Zangu hazikukaa sawa, mbili zinaelekea kushoto.

Sehemu ile ya fundo ilipasuka baada ya kufuliwa mara ya tatu, kama fundi mzuri angetabiri. Nimeifunika kwa kipande cha dera la Shangazi, la kijani, ambalo sikuliomba. Nililikuta limekunjwa juu ya cherehani na wembe wa kufumulia umewekwa juu yake.